Loice Hakuketi Mezani

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Loice aliamka na ugomvi na mashine ya baridi.

"Baba Lydiah, zima hicho kitu. Kimekoroma usiku kucha, hata wewe kimekushinda."

Elphas akazima. Chai haijachemka, joto la Lewisville, Texas, lilikuwa limeshaingia sebuleni na kuketi. Loice akatoka kwenye roshani kumwagilia kunde alizopanda ndani ya ndoo za rangi. Msimamizi wa jengo alikuwa amekataza ndoo, kwa hiyo Loice alizifunika kwa leso zionekane kama nguo zinazokauka. Kuanika nguo nako kulikuwa kumekatazwa, lakini hilo alisema ni kosa dogo.

Akarudi ndani, akammiminia mumewe chai, akamtazama.

"Umevaa shati ndani nje."

"Shati ni langu."

"Macho yanayolitazama ni yangu. Vua."

Akavua, akageuza. Hayo ndiyo yote. Mchana, akikunja nguo za mjukuu, Loice alisema kichwa kinamgonga upande mmoja. Akaketi kitandani, na hakusema tena neno la kueleweka. Hospitali walijaribu. Jumapili ilipofika hakuwepo.

Kabla mwili haujasafirishwa, Wakenya walikusanyika kanisani kule Mesquite kumuaga. Mchungaji akasimama, akasema mama Loice alikuwa mpole, mnyenyekevu, mtu asiyebishana na yeyote.

"Hapana," Elphas akasema. Alikuwa kiti cha mbele.

Lydiah, binti yao, akamvuta baba yake mkono wa koti. "Baba, tafadhali."

"Hapana. Huyo mnayemuaga mimi simjui. Wangu alibishana."

Waliomfahamu Loice walicheka. Wasiomfahamu walitazama viatu. Mchungaji akaendelea na maombi. Elphas hajaomba msamaha mpaka leo, wala hataomba.

Loice alizaliwa karibu na Chwele, nchi ya Wabukusu, magharibi mwa Kenya. Shule hakwenda, baba yake alisema ng'ombe hawajichungi. Akaolewa na Elphas, dereva wa trekta katika mashamba ya miwa, naye hakusoma. Mume akilima miwa ya watu, mke aliuza kuku soko la Chwele, na wanunuzi walimwogopa. Mtu akimpuliza kuku manyoya aone mnofu, akampuliza tena na tena, Loice alimnyang'anya. "Wewe unanunua kuku ama unaposa?" Soko zima linacheka, na huyo mtu ananunua kwa aibu.

Kuku hao ndio waliomsomesha Lydiah. Akaenda Texas kusomea uuguzi, akaolewa huko huko na kijana wa Nakuru aitwaye Wanjohi, akazaa mtoto wa kike, Whitney. Kisha akapiga simu. Yeye na mume wanafanya kazi, mtoto hana wa kumshika, baba na mama waje. Wakaja. Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini.

Shida ikaanza siku ya kwanza.

Kwa Wabukusu, mama mkwe na mkwe hawali pamoja. Hawashikani mikono. Mama hamtazami mkwe akila, naye mkwe hamtazami. Hawachovyi bakuli moja. Si chuki. Huyu mtu amemchukua binti yako, na siku mtakapozoeana sana ndiyo siku mtakayotukanana, basi mnaachiana nafasi. Iko siku ya kulegeza mambo hayo, lakini hufanywa nyumbani, mbele ya wazee, kwa chakula na zawadi. Wanjohi hakuwa amepata karatasi za kumruhusu kusafiri. Chwele aliijua kwa jina tu. Na Loice alisema siku kama hiyo haifanywi Texas mbele ya televisheni.

Sasa mtu mwenye mila hiyo mweke kwenye nyumba ya vyumba viwili, korido moja, choo kimoja.

Loice alikuwa akikohoa kabla ya kutoka chumbani, mkwe ajue apishe njia. Wanjohi, ambaye alifanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee huku akisoma, akadhani ana kifua. Akamletea dawa ya kikohozi, akaiacha mlangoni. Loice akainywa yote kwa heshima ya mkwe, akaendelea kukohoa. Garini alikaa nyuma kabisa ya kiti cha dereva. Hata hapo kioo cha katikati kilimsumbua.

"Baba Lydiah, mwambie mkwe ageuze hicho kioo."

"Mama, nitaendeshaje bila kioo?" Wanjohi akauliza.

"Mwambie atazame mbele. Tunakoenda ni mbele."

Alipika yeye, akapakua Lydiah. Mkwe akikaa mezani, Loice alichukua sahani yake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Kila siku. Wanjohi alikulia mjini, na mambo haya hakuyajua. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa Marekani, hakuweza kwenda kumzika. Alikuwa amemngojea Loice kama mtu anayengojea mama. Aliyekuja akawa anamfungia mlango.

Lydiah alimweleza mumewe, lakini maelezo ya mila hayana nguvu mbele ya mlango uliofungwa. Akamgeukia mama yake. "Mama, ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho."

"Jicho langu nimelibeba kutoka Chwele," Loice akasema. "Halikupasuka kwenye ndege. Sitalipasua mimi."

Karibu wakati huo mashine ya kufulia ya jengo ikaharibika. Elphas na mkewe wakawa wanaenda kwa miguu mpaka kwenye maduka yaliyo ng'ambo ya barabara kuu, palipokuwa na duka la kufulia nguo. Loice alijaza nguo kwenye kigari cha mtoto akakisukuma. Lewisville hakuna anayetembea. Magari yalisimama kuwauliza kama wamepotea. Loice aliyapungia mkono kama mkubwa wa wilaya.

Mlango wa pili kutoka kwa mashine za kufua palikuwa na mkahawa mdogo wa Mjapani. Siku moja nguo zikizunguka, Loice akainua pua.

"Kuku."

"Kuku wapi?"

"Mifupa ya kuku. Imechemka tangu jana. Twende."

Ndani palikuwa na meza chache na kaunta ndefu ya mbao iliyotazama jikoni. Kwenye kaunta waliketi wanaume na wanawake kwa mstari, kila mtu na bakuli lake, vichwa chini, wanavuta tambi kwa sauti. Hakuna aliyemtazama mwenzake wala kusema naye. Loice akasimama mlangoni muda mrefu. Uso wake ulifunguka.

"Baba Lydiah. Unaona hawa?"

"Naona watu wanakula."

"Ni wakwe. Angalia! Hakuna anayemwona mwenzake mdomo. Kila mtu na bakuli lake. Hawa wamelelewa."

Elphas alijua si kweli. Watu wale walikuwa na sare za kazi tofauti, na mmoja alikuwa na kofia ya wachunga ng'ombe. Lakini mkewe hakuwa amefurahi hivyo tangu uwanja wa ndege. Akamvutia kiti.

Wakaketi kaunta. Mwenye mkahawa, mwanamke mfupi wa rika lao, Hisako, hakucheka na mtu. Akawaletea mabakuli makubwa mawili: supu, tambi ndefu, nyama, yai lililokatwa katikati. Rameni, Lydiah aliwaambia baadaye. Wao waliita tambi za supu. Loice akashika vile vijiti viwili kwa ngumi moja, kama mwiko, akaanza kusonga. Hisako akaweka uma mbele yake. Loice akausukuma. Hisako akaurudisha. Loice akausukuma tena, akakunja tambi kwenye vijiti vyake kama mtu anayekunja kamba, akameza. Hisako akachukua uma wake, akaenda zake akinung'unika Kijapani. Tangu siku hiyo walielewana vizuri.

Wakawa wanakuja kila siku ya kufua. Hata mashine ya jengo ilipotengenezwa, Loice alisema haisafishi.

Kisha Wanjohi akafaulu mtihani wake wa uuguzi. Kijana alikuwa amesoma akisinzia, akila chakula kilichopoa. Lydiah akapika pilau, chapati, kuku mzima. Akatandika meza. Akaweka kamera ipige yenyewe, wote wanne na mtoto.

"Leo tu, Mama," Lydiah akasema.

Loice akabeba sahani yake, akaingia chumbani. Mlango ukafungwa.

Wanjohi akaweka kijiko chini. "Lydiah, mama yako ananiona nini?"

"Nimekueleza, Wanjohi."

"Ni juu mimi ni Mkikuyu. Asema tu."

"Sio hivyo."

"Ati sio hivyo! Kwa ile hoteli ya Mjapani anakula na watu hata hawajui. Mlinzi, dereva wa lori, wote anakula nao. Kwangu analala, mtoto wangu anabeba, uso wangu ndio hataki."

Sauti ya Loice ikatoka nyuma ya mlango. "Baba Lydiah, mwambie mkwe nimempongeza. Amefanya kazi ya mwanaume."

Ingekuwa heri asingesema. Wanjohi alisimama, kiti kikaanguka.

"Mzee, na wewe mwambie hivi. Mwisho wa mwezi nitanunua tiketi yake. Mtu hawezi kula na mimi, asilale kwangu."

Lydiah akalia. Mtoto akamwiga. Elphas akambembeleza mtoto mpaka akasinzia, akambeba chumbani, akamkuta mkewe ameketi kitandani, sahani magotini, hajaonja kitu.

"Mama Lydiah, kula na kijana. Mara moja. Nani atakuona huku?"

"Mimi nitajiona."

"Atakurudisha."

"Anirudishe. Nilikuja na heshima yangu, nitarudi nayo. Haina kilo, hawataipima uwanja wa ndege."

"Na mtoto?"

Whitney alikuwa ameshalazwa kwenye mto wa bibi yake kama ilivyokuwa desturi yake, mdomo wazi. Loice akamtazama. Akamfunika miguu, akamfunua, akamfunika tena. Elphas alimjua mkewe. Alikuwa ameguswa panapouma.

Siku kadhaa zikapita. Loice alitoka chumbani bila kukohoa, maana mkwe hakuwa anapita tena korido akiwa yeye yupo. Jumamosi asubuhi akamwambia mumewe, "Mwambie mkwe nitakula naye. Leo. Lakini kwa wale Wajapani, na nitaketi mahali nitakapochagua."

Wanjohi alikataa kwanza. Lydiah akambembeleza. Mwishowe akachukua ufunguo wa gari. "Sawa. Twende tuone."

Mkahawa ulikuwa umejaa. Wakapata viti vinne vya kaunta, mwisho, karibu na ukuta. Loice akawapanga mwenyewe kama mtu anayepanga kuku kwenye tenga. Wanjohi ukutani. Lydiah na mtoto wakafuata. Kisha Elphas. Kisha yeye. Wote wakatazama jikoni.

"Tumeketi kama ndege kwa waya," Wanjohi akasema. "Hii ndio kula pamoja?"

Mabakuli yakaja, mvuke ukapanda. Na hapo hapo, nyuma yao, watu wa meza moja wakainuka wakaondoka.

Hisako akaona. Aliona mtoto mdogo karibu na supu ya moto, akaona mume na mke na wazee wawili. Akatoka jikoni na kitambaa, akafuta ile meza, akawaita kwa Kiingereza chake kilichovunjika kama chao. Familia, meza. Kaunta ni ya mtu asiye na mtu.

Wanjohi akainuka mara moja. "Hiyo ni bahati. Twende mezani."

Lydiah akainuka na mtoto. Elphas akainuka nusu, akabaki hivyo. Loice hakuinuka. Hisako akaja kumchukulia bakuli, na Loice akalishika. Vikongwe wawili wakavutana bakuli moja, supu ikawa inatembea huku na huku, na kaunta nzima ikaacha kula.

"Baba Lydiah, mwambie huyu mama aachilie supu yangu."

"Mama, anasema kaunta ni ya watu walio peke yao," Lydiah akasema. "Sio ya wakwe."

"Hajui. Babu zake ndio walijenga, yeye amesahau."

"Mama!"

"Kama haikuwa ya wakwe, leo imekuwa."

Wanjohi alikuwa ameshika kiti cha mezani, amekivuta. "Unaona, Lydiah? Unaona? Mbele ya watu wote hawa."

Basi Loice akasema. Hakugeuka. Alisema na jiko, na sufuria, na mgongo wa mpishi, bakuli bado mkononi.

"Baba Lydiah, mwambie mkwe hivi. Mama yangu alikufa hajawahi kukuona wewe, mkwe wake, ukimeza mate. Miaka yote ile. Ulikuwa ukija, yeye anatokea nyuma ya nyumba anaingia kwenye migomba. Alikupenda, na alikaa kwenye migomba. Mimi huku hakuna migomba. Nimetoka chumbani. Nimeingia gari lake. Nimeketi naye ubao mmoja, namsikia akila, naye ananisikia. Mama yangu angeniona sasa angejifunika uso. Nimesogea mpaka hapa. Mwambie kama hajaona nimesogea, anunue ile tiketi. Lakini mezani siendi."

Elphas akafungua mdomo amwambie mkwe. Hakukuwa na haja.

Wanjohi alibaki amesimama na kile kiti. Alimtazama mkewe. Akatazama mgongo wa Loice, na leso iliyofungwa kichwani. Kisha akakirudisha kiti chini ya meza, taratibu, akakisukuma mpaka kikagusa. Akamwinamia Hisako kidogo kama alivyoona Wajapani wakifanya, akamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya kazini, ile ya kumwambia ndugu wa mgonjwa jambo ambalo halitabadilika:

"Asante, mama. Tunakaa hapa. Mama yangu amekuja kula na mimi."

Hisako akamtazama, akavitazama vile viti vinne. Kama alielewa hakuonyesha. Akaachilia bakuli. Akarudi jikoni, akachota supu, akajaza ile iliyomwagika, na akamletea mtoto kibakuli kilichopozwa. Ile meza akampa mtu mwingine.

Wakala. Wanjohi alikuwa mtu wa kula kimya, amefundishwa hivyo shuleni, lakini tambi zile hazina kimya. Akavuta moja, ikalia. Upande wa pili wa mstari wao Loice naye akavuta, ikalia zaidi. Lydiah alianza kucheka ndani ya bakuli.

"Baba Lydiah," Loice akasema, "mwambie mkwe aongezewe yai."

"Mzee, mwambie mama nimeshiba."

"Mwambie sijamuuliza."

Yai likaja. Wanjohi akalila.

Tiketi haikutajwa tena, mwisho wa mwezi huo wala mwingine wowote. Jumamosi nyingi walirudi, na Hisako akawaachia ile pembe ya ukuta bila kuambiwa. Nyumbani Loice aliendelea kula chumbani, lakini mlango ukawa wazi, mgongo wake ukionekana. Wanjohi alijifunza kukohoa koridoni. Wakenya waliwacheka. Mwanamke mmoja wa kanisani alimwambia Loice hizo ni mila za gizani, na mtu aliyeokoka hazifuati. Loice akamwuliza kama tangu aokoke amewahi kumwalika mama mkwe wake. Yule mama akakumbuka ana safari ya Sugar Land.

Mpaka anafariki, miaka hiyo yote nyumba moja, Loice hakuwahi kumwona Wanjohi akitafuna. Na aliyelia kwa nguvu kuliko wote pale hospitali, mpaka wauguzi wenzake wakamtoa nje, ni Wanjohi.

Sasa Lydiah anamwambia baba yake mambo yamekwisha, wanaweza kuketi mezani kama watu. Elphas amekataa. Wanaenda Jumamosi, wanaketi kaunta, wanatazama jiko. Wanjohi naye akiambiwa meza iko wazi anasema asante, hapa panatosha. Watu wa kanisa wanasema mzee amekuwa mkaidi. Ukaidi ameachiwa, na ameupokea kwa mikono miwili.

Lakini siku ile ya kwanza, walipotoka mkahawani, jua lilikuwa limeiva kwenye lami ya maegesho. Wanjohi alitangulia kufungua gari lipoe, mtoto begani. Lydiah alimshika mama yake mkono.

"Mama, kwani ilikuwa ngumu kumwambia tu kwamba unampenda? Si ungekaa naye mezani, mtazamane, yaishe?"

Loice akasimama. Akakaza leso kichwani. Akajibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, akiwa ametazama kando, na Wanjohi pale mbele akapunguza hatua bila kugeuka.

"Mtu nisiyempenda, huyo ndiye ningemketia uso kwa uso nikimhesabu meno akitafuna."